Ndege Iliyopigiwa Kura Namyende

Mimi sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni na mume wangu, Anold, anayezitengeneza juu ya meza yangu, ile ile ninayosahihishia madaftari ya darasa la sita. Ndege zenyewe ni sanamu ndogo za plastiki, hazizidi kiganja, lakini gundi yake inanuka nyumba nzima, na mtu akikaa bila kuangalia kiti anainuka na bawa limemnasa kwenye sketi. Mimi limeninasa mara mbili. Mara moja nilifika nalo shuleni, nikafundisha vipindi viwili, na hakuna mwalimu mwenzangu aliyeniambia.

Tunakaa Ufukoni, Mtwara mjini, ila si wenyeji wa huku. Mimi kwetu Njombe, yeye kwao Mbinga. Serikali ilinileta kufundisha, bandari ikamleta yeye kuwa karani wa mizigo. Msimu wa korosho ukifika meli zinajaa, na melini wamo watu wa kila namna. Mwishoni mwa mwaka 2002 akaja fundi mmoja wa mitambo ya meli, mzee wa Kigiriki, naye anaumwa ugonjwa huohuo wa ndege. Wakatambuana kama walevi wanavyotambuana. Meli ilipoondoka, Anold alirudi nyumbani amekumbatia kopo la biskuti lililojaa vipande vya plastiki: mabawa, mkia, vitairi vidogo kama choroko. Ilikuwa ndege ya vita ya kuunganisha mwenyewe. Boksi lake lilikuwa limeliwa na panya wa melini, na ile karatasi inayoonyesha rangi na alama za ndege ililiwa pamoja nalo.

"Ni Fiat," akaniambia, macho yamemtoka kwa furaha.

"Fiat ninayoijua mimi ni lori."

Akanieleza, na nilikuwa na sufuria jikoni. Kwamba Wareno walikuwa na ndege hizo Msumbiji, wakati wa vita vya ukombozi. Kwamba ndege ya vita hupakwa rangi mbalimbali: mgongoni rangi za kufanana na ardhi, ili aliye juu yake asiione, na tumboni rangi ya kufanana na mawingu, ili aliye chini asiione. Kwamba yeye hajui rangi zipi, wala alama gani zilikaa ubavuni na chini ya mabawa, na bila kujua hawezi kuigusa kwa brashi.

"Baba Faraja," nikamwambia, "kama ilipakwa isionekane, ifungie kabatini. Hapo utakuwa umepatia."

Hakucheka. Kwenye mambo ya ndege Anold huwa hachekagi. Kwake yeye kupaka rangi isiyo yake ni kusema uongo, na uongo ule unabaki mezani kila mtu auone. Jamani, mtu huyohuyo akiulizwa na mama yake kama alienda kanisani, anajibu alienda, bila hata kupepesa.

Basi akaanza kutafuta. Aliandika barua kwenda kwenye jumba moja la makumbusho la Wareno, kwa Kiingereza, mimi nikamrekebishia mikato. Alienda kwenye chumba cha intaneti karibu na soko, picha moja ikachukua saa nzima kufunguka, ikafunguka pua peke yake, umeme ukakatika. Alirudi akanichorea ile pua. Miezi ikapita, barua haikujibiwa. Halafu siku moja akaingia ndani na viatu vyake vya kazi, kitu ambacho amekatazwa, akapiga meza.

"Mama Faraja, sisi wajinga! Ndege zile zilikuwa zinavuka Ruvuma, zinapita hapa hapa kwetu. Waliokuwepo wako hai! Wenzetu huko wanatafuta picha, sisi tuna watu wenye macho yao!"

Nikamwambia hilo ni wazo zuri. Nilikosea, na kosa langu ni hilo moja tu katika habari hii yote.

Alichukua ubao wa boksi la shehena, akaupaka viraka ishirini na vinne vya rangi, kila kiraka na namba yake. Kulikuwa na kijani saba peke yake. Likizo ya Juni mwaka 2003 akaazima pikipiki ya Emmanueli, mwenzake wa bandarini, nikapanda nyuma na ubao nimeukumbatia kifuani, upepo unausukuma, vumbi linaniingia puani, tukaenda Namyende. Ni kijiji kilichopo karibu na mdomo wa Ruvuma, watu wa korosho na mihogo, na ukisimama mahali penye mwinuko unaiona Msumbiji ng'ambo. Anold alikuwa ameambiwa bandarini kwamba ndege ya Wareno ilipita pale chini kabisa, mwaka 1972.

Huwezi kufika kijiji cha mpakani na ubao wa rangi ukaanza kuulizauliza watu habari za ndege za vita. Tulipelekwa moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Aliitwa Rashidi, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Muhuri wa kijiji alikuwa ameufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo ameuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mnatafuta nini hasa?"

"Rangi ya ndege iliyopita hapa sabini na mbili," Anold akasema.

"Kwa ajili gani?"

Anold akatoa ile ndege mfukoni, haijapakwa kitu, nyeupe pe. Rashidi akaiangalia muda mrefu. Nilidhani ataishika, lakini mikono aliiweka chini ya meza. "Ilipita," akasema. "Waulizeni wazee. Ila mkimaliza mrudi hapa, kila kitu kiandikwe."

Tukaanza na Bi Amina, bibi mcheshi, jirani wa ofisi.

"Rangi? Mwanangu, wakati ule tulikuwa tumechimbiwa mahandaki. Ndege ikilia tu, unajitupa. Nilikuwa kifudifudi, na mume wangu Mussa amenilalia juu, na Mussa alikuwa mtu wa mwili. Ninaijua rangi ya ule udongo mpaka kesho." Akagusa kiraka namba kumi na tisa, chekundu. Anold akaandika.

Wa pili alikuwa kifudifudi, anakumbuka siafu. Wa tatu alikuwa kifudifudi, na macho amefumba, na vidole ameweka masikioni. Wa nne alisema alichokumbuka ni sauti. Anold, jua limeshamchoma kichwa, akamuuliza, "Sauti yenyewe ilikuwa ya rangi gani?" Yule mzee akafikiri, akausogelea ubao, akaonyesha namba tatu. Haki ya Mungu, mume wangu akaiandika na hiyo.

Mpaka alasiri tulikuwa na mashahidi kumi na mmoja na mahandaki kumi na moja. Namyende nzima walikuwepo, na Namyende nzima walikuwa wamelala kifudifudi. Ndipo kijana mmoja akapaza sauti, "Si mkamuulize Mpungia?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Bi Amina akatueleza, anafuta machozi ya kicheko. Siku ile, wakati watu wote wako mahandakini, mtu mmoja alibaki amesimama uwanjani anaipungia mkono ndege ya adui. Anaitwa Rajabu. Tangu siku ile jina lake ni Mpungia. Arusini wanawake wana wimbo wake. Akipita njiani, watoto wanampungia.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake anamenya mihogo na mkewe, Bi Sabra. Tukawaamkia. Mzee mwembamba, kofia ya kufuma imefifia, kisu kinakwenda bila yeye kuangalia.

"Nani kawatuma mje kunicheka?" akauliza kwa upole. Bi Sabra yeye hakuwa na upole. Alisimama na muhogo mkononi, mrefu, ambao haujamenywa.

Anold alimwekea ubao mbele yake. Mzee akautazama, kisu kikasimama. Halafu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akaweka kidole. "Tumbo lilikuwa hii." Kijivu, namba ishirini na mbili. "Mgongo hii, yote. Ilipoinama kugeuka nikauona mgongo wote." Kijani, namba saba. Hakusita hata kidogo. Kati ya watu wote wa Namyende, aliyeiona ndege ni yule aliyekuwa anaipungia.

Anold akaandika namba zote mbili. "Na alama, mzee wangu? Chini ya mabawa?"

Mzee Rajabu akarudia muhogo wake. Bi Sabra akasema, "Waambie. Hawa si wa hapa."

Basi akatuambia. Mwaka ule alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Wiki ile walikuwa wametangaziwa kwamba madaktari watakuja kuchanja watoto. Misheni ya jirani ilikuwa inatembelewa na ndege ndogo ya madaktari, yenye msalaba mwekundu, na yeye alishaiona mara mbili. Kwa hiyo asubuhi ile aliwapanga watoto kumi na wanne mstari mmoja uwanjani, mikono ya mashati imekunjwa, wanasubiri sindano. Ndege ikaja. Ilikuja chini, kwa kishindo, na chini ya mabawa yake ina msalaba mwekundu kwenye duara jeupe.

"Nilijiambia, leo madaktari wana haraka," akasema. "Nikawaambia watoto msikimbie. Nikapunga mkono, wasije wakapitiliza. Ikageuka, ikarudi chini zaidi. Nikapunga tena. Halafu ikaenda zake Ruvuma, haikurudi."

Watu walipotoka mahandakini wakawakuta watoto wao wamesimama wazi uwanjani, wamepangwa mstari. Kina mama walimpiga. Ujumbe alivuliwa kabla ya adhuhuri. Aliposema ilikuwa na msalaba, wakacheka, kwa sababu hakuna mwingine aliyeuona; hata watoto walipoulizwa walisema hawakuona. Rajabu, Mwislamu safi, kaona msalaba mbinguni! Wakamuuliza atabatizwa lini, jina gani atachagua. Shehe akamwita akamuuliza kwa uzito kabisa kama kuna kitu anataka kumwambia. Tangu hapo hakuutaja tena.

"Nina miaka sabini na nne," akasema. "Sitaki mnipe kitu chochote. Nataka iandikwe kwamba ndege ile ilikuwa na msalaba mwekundu. Siku nikifa, wanaonizika wasiseme tunamzika aliyempungia adui. Waseme tunamzika mtu aliyekosea, na wao wangekosea vilevile."

Mimi nilikuwa nimekuja kusindikiza ubao. Nilijikuta nalia mbele ya mihogo ya watu.

Tulirudi kwa Rashidi mbio. Anold akamsomea yote. Rashidi akasikiliza, uso umemkauka, akasema maneno ya mtu mmoja hayawezi kuwa maneno ya kijiji. Jambo la kijiji linaamuliwa na mkutano wa kijiji.

"Ndugu mtendaji," Anold akasema, "rangi haipigiwi kura."

"Ndugu mgeni, hapa tulipigia kura mahali pa kuchimba kisima, na maji yakatoka."

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anaumwa jino, kwa hiyo Rashidi aliuendesha na kuuandika mwenyewe. Ajenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, nguruwe pori wanaokula mihogo. Ya tatu, ndege. Ubao wetu ukasimamishwa kwenye kiti, na watu wakapita mmoja mmoja kuukagua, kama wanaaga maiti.

Kijani namba saba ilipopendekezwa, mzee mmoja alisimama kupinga. Alisema kijani ni rangi ya chama, na adui hawezi kuvaa rangi ya chama. Ukatokea mzozo wa nusu saa. Watu walinyoosheana vidole, mmoja akatishia kurudisha kadi. Mwisho likapatikana neno la kuwapatanisha: mgongo wa ndege ulikuwa kijani cha kisamvu kilichopikwa, na si kijani cha chama. Wanaoafiki themanini na tisa, wasioafiki thelathini. Tumbo la kijivu likapita bila kupingwa, maana hakuna chama cha kijivu.

Ndipo Anold akasimama kuuliza kuhusu alama. Kicheko kikaanzia nyuma, kwa vijana, kikaja mbele. Mzee Rajabu akainuka mahali alipokaa, pembeni kabisa.

"Msalaba ulikuwepo," akasema.

"Na malaika je, walikuwepo?" mtu akauliza, na mkutano mzima ukavunjika mbavu.

Rashidi hakucheka. Aliinamia karatasi yake akasoma haraka kama anayefukuzwa. "Wanaosema ndege ilikuwa na msalaba, wanyooshe mikono." Mikono miwili, wa Rajabu na wa Bi Sabra. Siku ile ya ndege Bi Sabra alikuwa shambani, mbali na kijiji, lakini mkono wake alikuwa ameunyoosha mpaka kwapa linauma. "Wanaosema haikuwa nao." Mia moja na kumi na nane. Nilihesabu nao, nikahesabu tena. Rashidi akaandika: imeazimiwa kwamba ndege haikuwa na msalaba. Akavua ufunguo, akafungua droo aliyokuja nayo nzima kutoka ofisini, akapiga muhuri.

Mzee Rajabu aliondoka kabla ya ajenda ya mengineyo. Njiani wasichana wawili wakampungia mkono wanacheka, naye hakugeuka. Jamani, nilipandwa na hasira nikasikia masikio yanapiga kelele. Nikamwambia Anold tuondoke kabla sijampiga mtu na ubao.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Mgongo wa ndege ulipakwa kisamvu, tumbo kijivu, lakini chini ya mabawa pakabaki patupu. Miezi minne ndege ilikaa mezani pangu, kila nikifungua daftari inanitazama.

"Paka msalaba!" nikamwambia.

"Sina ushahidi."

"Una Rajabu."

"Mmoja. Na mkewe, hakuwepo. Dhidi yao watu mia na kumi na nane na muhuri."

"Watu mia na kumi na nane waliolala kifudifudi! Anold, unaniudhi. Una shahidi mmoja mwenye macho, na kijiji kizima kinachojua rangi ya udongo!" Siku hiyo tulilala tumepeana migongo.

Oktoba bahasha ikafika bandarini, ya kutoka kwenye lile jumba la makumbusho. Haikuwa na barua, ilikuwa na picha moja tu. Ndege ileile, imesimama uwanjani, bawa moja limeinuka kidogo kwa mpiga picha, na chini ya bawa kuna duara lenye msalaba, alama ya jeshi la Wareno. Anold akakaa sakafuni. Nami nikakaa. Tukaishika wote wawili.

"Theresia," akasema kwa sauti ya kufiwa, "haina rangi."

Kweli. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Walitupatia msalaba, hawakutupatia rangi. Ndiyo maana mpaka leo ndege ile ina msalaba wa kutoka Ulaya na kijani cha azimio la Namyende, na mume wangu anasema ndiyo ndege pekee aliyoitengeneza ambayo anaweza kuilia kiapo.

Likizo ya Desemba tukarudi. Rashidi akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Hii haina muhuri," akasema.

"Ni picha, ndugu yangu!" nikamwambia. "Picha ina muhuri wa wapi?"

"Mwalimu, muhtasari una muhuri. Azimio linatenguliwa na mkutano, halitenguliwi na bahasha." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na aliitisha mkutano siku ya pili yake, bila hata kubishana. Jino la mwenyekiti lilikuwa bado.

Walikuja wengi kuliko mwanzo, maana habari ilishaenea kwamba wale wa rangi wamerudi. Mzee Rajabu alikaa palepale pembeni. Picha ilipita mkono kwa mkono, watu wakaitazama, wakasema ndiyo, hii ina msalaba, lakini hii iko Ulaya, ya kwetu ni nyingine. Anold alikuwa amelitegemea hilo. Alikuwa ameifunga ndege kwa uzi kwenye ncha ya mwanzi, ili waione kutoka chini, kama ilivyokuwa siku ile. Akasimama nyuma ya watu, akauinua mwanzi, akaizungusha ndege juu ya vichwa vyao. Ikavuma kidogo kwa upepo.

Bi Amina alikuwa wa kwanza. Sijui kama alifikiri. Alijitupa chini na kanga zake mpya, kifudifudi, mikono kichwani. Pembeni yake wakaenda wengine, wazee kwa vikongwe, mmoja baada ya mwingine, pu, pu, pu, mavumbini. Yule mzee wa rangi ya chama alijitupa juu ya mtu. Vijana wakacheka mpaka wengine wakatoka nje ya mkutano. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu wazee hawakuinuka. Walikuwa wamelala pale, bibi zao na babu zao, wanatetemeka, kwa ajili ya ndege ya kiganja.

Mtu mmoja tu wa umri ule alikuwa wima, Rajabu, na anaangalia juu.

Sikuwa nimepangiwa kusema, lakini nilisimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasa la sita.

"Mmeona? Hata leo hamkuangalia juu! Hata leo! Sasa mwezi wa sita mlinyoosha mikono mia na kumi na nane kusema ndege haikuwa na msalaba. Mlikuwa mnaangalia wapi?"

Bi Amina alikuwa anajipangusa vumbi mdomoni, hanitazami.

"Basi nauliza swali moja," nikasema. "Ukimwacha mzee Rajabu, nani mwingine siku ile alikuwa amesimama anaangalia juu? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Niligeuka kumtazama Rashidi aandike kwamba hakuna, nikaona kalamu yake iko mezani. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Alikuwa ameuinua kama mtoto wa shule asiyejua kama jibu lake litapigiwa makofi au litamponza.

"Nilikuwa wa tatu kwenye mstari," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Mkono wa shati nimeukunja. Niliuona. Ndiyo maana nililia. Wengine wanadhani nililia kwa ajili ya kelele. Nililia kwa sababu niliona msalaba mwekundu nikajua ni sindano."

Hakuna aliyecheka.

"Nilimwambia mama. Mama, Mungu amrehemu, alinichapa. Akasema hukuona kitu, ukisema uliona watakucheka na wewe mpaka uzeeke. Nikasema sikuona. Halafu nikazoea." Mkono ulikuwa bado juu. "Mwezi wa sita mimi nilikuwa naandika. Katibu hapigi kura."

Mzee Rajabu akainuka. Ilimchukua muda kupita katikati ya watu, kwa sababu walikuwa bado wamekaa chini, wengine hawajamaliza kujipangusa. Alifika mbele ya meza, akasimama.

"Ulikuwa wa tatu," akasema. "Mtoto wa Hadija. Nilikushika bega nikakwambia usiogope."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Sasa ulikuwa wapi miaka thelathini na moja?"

"Nilikuwa hapa hapa," Rashidi akasema. "Nilikuwa nakupita njiani kila siku."

Nilidhani mzee atampiga, na ningemwelewa. Bi Sabra naye alishasimama. Mzee alisimama akimtazama mtendaji wa kijiji, yule wa shati la pasi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola na mkono bado uko hewani mbele ya watu wote.

"Haya, shusha mkono, mwanangu," akasema. "Mimi nimeunyoosha wangu tangu siku ile, najua unavyochosha."

Rashidi hakuushusha. Ikabidi mzee mwenyewe amshike kifundo cha mkono na kuushusha, taratibu, mpaka kwenye karatasi, akamwekea kalamu, akasema, "Andika."